Watoto wa darasa la tano wanatengeneza kipeperushi cha vivutio vya Mbeya, naombeni ushauri

MwalimuTano

Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha darasa la tano, shule ya msingi hapa Mbeya mjini, watoto 71. Kwenye Jiografia na Mazingira tumefika kwenye vivutio vya asili, na badala ya kuwakaririsha majina nimeamua watengeneze kipeperushi: karatasi moja ya A4 inayokunjwa mara mbili, ya kumpa mgeni aliyeshuka stendi na hajui aelekee wapi. Nimewagawa makundi tisa.

Wiki iliyopita wameniletea kazi ya kwanza. Makundi manne yameandika Serengeti na Mlima Kilimanjaro. Waliobaki wameandika Ziwa Ngosi, lakini karatasi zote zina maneno yale yale: "mandhari nzuri ya kuvutia yenye hewa safi". Nikauliza nani amewahi kufika Ngosi, ikainuka mikono miwili. Wamenakili kwenye simu za wazazi, na sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye ziwa lolote duniani na isikosee.

Kompyuta hatuna, vitabu vya maktaba ni vichache, na nauli ya kuwapeleka watoto 71 Rungwe sina. Ila inaniuma kuona mtoto kila asubuhi anautazama mlima Loleza akienda shule halafu akiulizwa kivutio anataja cha mkoa mwingine. Wachunguze vipi, na wamuulize nani? Na kitu gani tusikiache? Natanguliza shukrani.

MzeeWaMsitu

Mwalimu, hongera kwa kazi hiyo. Mimi nimefanya kazi ya misitu upande wa Rungwe hadi nikastaafu, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Ningekuwa wewe ningeanza na kipunji. Huyu ni kima wa juu ya miti, manyoya marefu ya kahawia, nywele zimesimama kichwani. Watafiti walimwona Mlima Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005, na mwaka 2006 ikaonekana hafanani na jamaa zake kiasi cha kupewa jenasi (kundi la kisayansi) yake peke yake, Rungwecebus. Jina la mlima wetu limo ndani ya jina la mnyama. Nje ya Tanzania hayupo: yuko kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone huku kwetu, na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Na usisahau kuwaambia watoto kwamba wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla ya watafiti kufika. Wageni walidhani ni hadithi za kando ya moto. Mtoto akijua hilo ataelewa kwa nini unamtuma kwa babu yake na daftari.

Ila kipeperushi kisiahidi kwamba mgeni atamwona. Ni wachache na wana woga. Waandike "ukibahatika utasikia sauti yake", na huo ndio ukweli.

Ngosi nayo: waache "mandhari nzuri", waandike mtu anakutana na nini. Unashuka barabara ya Tukuyu, unaingia mkono wa kulia, unatembea hadi mwanzo wa msitu, halafu unapanda. Njia ina mizizi na tope linaloteleza, kuna migomba mwitu mirefu, na muda wote huoni ziwa. Unafika ukingoni ukiwa unahema ndipo linafunguka chini kabisa ya miguu yako, kijani, ndani ya kuta za volkano. Lina urefu wa kilomita kama 2.5. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Hao watoto wawili walioinua mikono, wasimamishe mbele wasimulie, wenzao wawaulize maswali. Unao mashahidi tayari darasani.

Kijana_Mbozi

Mwalimu angalizo dogo. Kundi lolote likileta Kimondo cha Mbozi usiliache liandike mkoa wa Mbeya. Tangu 2016 sisi ni mkoa wa Songwe. Vitabu vya zamani na mitandao mingi bado wanaandika Mbeya.

Lakini kisiachwe nje jamani! Jiwe la chuma lenye urefu wa mita kama 3 lililotoka angani, unaligusa kwa mkono. Na lina somo zuri la utafiti: mtoto akitafuta uzito wake atakuta tani 12 hapa, atakuta tani 16 pale. Muulize afanye nini akikuta vitabu viwili havikubaliani.

MwalimuTano

Kijana_Mbozi, asante, kundi moja lililoongeza Kimondo lilikuwa limeandika Mbeya kweli na mimi mwenyewe nilikuwa nimeipitisha. Kwenye tani unashaurije?

Kijana_Mbozi

Waandike "zaidi ya tani 10", hapo hawatakosea. Au waweke namba zote mbili na waseme wamezikuta wapi. Mimi ningependa ya pili.

Mmakete

Na Kitulo, ile hifadhi ya maua, je? Najua sehemu kubwa iko Makete, mkoa wa Njombe, lakini mgeni wa Mbeya anaingilia Chimala, anapanda ile barabara ya kona Hamsini na Saba hadi Matamba. Maua hayasomi mipaka ya mikoa. Wekeni ukurasa mmoja uitwe "Majirani zetu", Kimondo na Kitulo vikae humo.

Wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na tofauti na hifadhi nyingine haikuanzishwa kwa ajili ya simba wala tembo, ilianzishwa kwa ajili ya maua. Aina za okidi peke yake ni zaidi ya 40. Mgeni aje kati ya Novemba na Aprili. Akija Julai atakuta nyasi kavu na baridi ya kugandisha umande, halafu atasema watoto wamemdanganya.

Ombi langu moja, mwalimu, nalisema kwa moyo wote. Usiruhusu mtoto achore mgeni ameshika shada la maua ya Kitulo. Viazi vya okidi vimechimbwa sana milimani kwetu, vikavushwa Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda, ndiyo sababu mojawapo watu walipigania eneo lihifadhiwe. Mchoro wa kuchuma unafundisha kuchuma.

Tech_Uyole

Mbona mnajitesa? Picha ziko tele intaneti, pakua, chapa kwa rangi, bandika. Siku moja kazi imeisha.

MamaTukuyu

Tech_Uyole mwanangu, kazi itaisha lakini watoto watakuwa hawajajifunza kitu, na picha hizo zina wenyewe. Wachore. Mtoto akichora Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba juu ya mto Kiwira, lazima ajiulize mto unapita wapi na jiwe limekaaje juu yake. Hapo ndipo mwalimu anapata nafasi ya kueleza kwamba uji wa volkano ulitiririka ukapoa ukawa mwamba, maji ya Kiwira yakaendelea kuchimba chini. Kijungu vilevile, hadi achore maji yanavyozunguka kama ya chungu kilichochemka ndiyo ataelewa jina.

Mwalimu, wewe nikushauri kuhusu wazee. Kila mtoto apewe maswali matatu tu ayapeleke nyumbani: mlitokea wapi, huko kuna mto au ziwa au mlima gani, na mliambiwa nini kuhusu mahali hapo mkiwa wadogo. Maswali kumi bibi atachoka.

Majibu yatakuja yamechanganyika. Sisi wa upande wa Masoko tumekua tukiambiwa Wajerumani walizamisha fedha zao kwenye lile ziwa la volkano wakati wa vita. Siwezi kuapa kuwa ni kweli, na sitaki ipotee. Kwa hiyo kwenye kipeperushi weka kisanduku chenye kichwa "Wazee wanasimulia", hadithi zikae humo. Nje ya kisanduku yakae yale ambayo watoto wameyathibitisha kwa watu wawili au kwa kitabu. Mtoto wa miaka kumi na moja anaelewa kabisa tofauti hiyo ukimwonyesha kwa penseli na rula.

Dereva_Kyela

Mwl mimi naendesha Coaster Mbeya–Kyela. Wageni wanaonipanda hawaniulizi ziwa lina kina gani. Wananiuliza nishuke wapi, nitembee kiasi gani, kuna choo, kuna chakula, gari la kurudi nalipata saa ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Kipeperushi kisichojibu hayo mgeni atakitupa.

Bei msiandike. Nauli inapanda, viingilio vinabadilika, karatasi yenu itakuwa ya uongo ndani ya mwaka. Andikeni "uliza stendi".

Na Matema mbona hakuna aliyeitaja? Ule ufukwe wa Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone imesimama juu ya maji, samaki mbasa wa kuchoma, vyungu vya Wakisi vinakuja kwa mitumbwi. Upande ule mvua ni kubwa, mwezi wa nne sikushauri umpeleke mtu.

Walete watoto stendi ya Nane Nane wakiwa na maswali yao. Madereva na makondakta tuko pale, tunajua kila kijiji mpaka Kasumulu.

MwalimuTano

Nimesoma kila jibu mara mbili. MzeeWaMsitu, jana niliwasimamisha wale wawili. Mmoja alifika Ngosi na mjomba wake, akasema kitu ambacho hakiko kwenye karatasi yoyote: kwamba alisikia ukimya masikioni mpaka akaogopa, akamshika mjomba mkono. Darasa zima lilinyamaza. Sentensi hiyo inaingia kwenye ukurasa wa mbele kama alivyoisema.

MamaTukuyu, maswali matatu yamekwenda nyumbani, na hadi leo yamerudi 58. Nimepata maporomoko ya Kaporogwe, nimepata chemchemi za moto, nimepata mzee mmoja ambaye amekuja shuleni mwenyewe kwa miguu kwa sababu aliona mjukuu wake ameandika vibaya. Kisanduku kimoja hakitatosha, itabidi kila kundi liwe na chake. Ndaga fijo, asante sana.

Mmakete, "Majirani zetu" tumeichukua, na tumekubaliana darasani kwamba maua yatachorwa yakiwa ardhini.

Dereva_Kyela, naomba nikushike kwenye neno lako. Siwezi kuleta 71, nitaleta mmoja kutoka kila kundi, yaani tisa, pamoja na mwalimu mwenzangu na barua za wazazi. Jumatano saa nne asubuhi inawezekana?

Dereva_Kyela

Jumatano saa nne niko foleni, zamu yangu ya kupakia ni kama saa tano, kwa hiyo nina muda. Msikatize katikati ya magari, pitieni upande wa akina mama wa ndizi, nitakuwa nimesimama hapo na kondakta wangu. Yeye ndiye ajuaye mambo ya Matema, kwao ni huko. Kila mtoto aje na kalamu yake, yangu haiandiki.