Ada ya Expressway ilipanda kwa sababu ya dola. Mimi nalipwa kwa shilingi!

Dereva wa Mlolongo

Salaam wadau. Naendesha teksi, naishi Mlolongo, na wateja wangu wengi wa asubuhi wanaelekea Westlands. Expressway, ile barabara ya kulipia ya Nairobi kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipofunguliwa mwaka 2022 nilikuwa nalipa shilingi 360 mwanzo hadi mwisho. Januari 2024 ikawa 500. Nina daftari ninaloandikia kila kitu: mafuta, kuosha gari, ada. Siku ile niliandika 500 nikaizungushia kalamu nyekundu, kwa sababu mteja tulikuwa tumeshaelewana bei usiku na sikuweza kumgeuka alfajiri akiwa na mizigo mkononi. Ile 140 iliyoongezeka ilitoka mfukoni mwangu.

Tuliambiwa shilingi imeshuka. Sasa naomba mnieleze: unga nanunua kwa shilingi, mteja ananilipa kwa shilingi, dola imeingilia wapi? Na barabara hii ni ya nani hasa, serikali au Wachina? Nauliza kwa nia njema. Barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit nayo itakuwa ya kulipia, na mama yangu anaishi Molo, njia hiyo hiyo.

Mkadiriaji majenzi

Ndugu, barabara ni ya serikali. Mwekezaji, kampuni ya CRBC ya Uchina, alipewa haki ya kuijenga, kuitunza na kukusanya ada kwa miaka 27, halafu aikabidhi. Fedha zake, karibu dola milioni 668, zilipigiwa hesabu kwa dola, na anataka zirudi hivyo hivyo.

Chukua daftari lako. Ulipoanza kulipa 360, dola moja ilikuwa kama shilingi 116. Gawanya: ni dola 3 na senti 10. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia 157. Gawanya 500: dola 3 na senti 18. Kwa mwekezaji ada karibu haikusogea. Wewe ndiye uliyeongezewa asilimia 39. Katika kila mkataba wa ubia kati ya serikali na mwekezaji lazima mtu abebe hatari ya sarafu kushuka, na hapa amebebeshwa dereva. Hilo lilipaswa kusemwa wazi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mama wa Kigamboni

Poleni majirani. Huku Dar daraja letu la Kigamboni, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi, walitoa asilimia 60 ya gharama, serikali 40. Kelele za tozo zilikuwa kubwa, na 2022 serikali ikazipunguza. Iliwezekana kwa sababu mwenye deni na mwenye daraja wote wako hapahapa, unajua mlango wa kubisha. Lakini tusisahau, zile ni akiba za wafanyakazi. Tozo ikishuka, muda wa kurudisha fedha zao unarefuka. Mimi mwenyewe ni mwanachama, kwa hiyo navuka nikilipa na huku nikijidai deni mwenyewe.

Dereva wa Mlolongo

Asante mama, asante kaka. Nimegawanya mara mbili kwa simu, ni kweli kabisa. Hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo.

Msafiri wa Nakuru

Mzee, kuna tofauti moja usiiache. Expressway ukiona ghali, unashuka Mombasa Road, unakaa kwenye jam lakini hulipi. Rironi–Mau Summit ni ileile barabara kuu ya A8 tunayopita kila siku, inapanuliwa. Mkataba wa mwanzo na kundi la Wafaransa ulivunjwa, sasa sehemu moja wamepewa CRBC pamoja na NSSF ya Kenya, na nyingine kampuni ya Kichina ya Shandong Hi-Speed. Ada iliyotangazwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita.

Dereva wa Mlolongo

Kilomita 175 mara 8 ni 1,400. Kwenda na kurudi 2,800, kabla sijaweka mafuta, kumpeleka mama kliniki Nairobi na kumrudisha. Nikitaka kutumia Expressway pia, naongeza 1,000.

Mkadiriaji, nisaidie jambo moja la mwisho: hizo 8 ni za shilingi tupu au zimefungwa kwenye dola? Na dola ikishuka, ni kifungu gani kinachomlazimisha mtu kuishusha ada? Niandikie kwa Kiswahili rahisi, niyapeleke kwenye kikao chetu cha madereva Jumamosi, tuyatie sahihi wote na kuyawasilisha kwa mbunge.