Diploma ya chuo cha mtandaoni: nitajuaje kama itakubaliwa huku kwetu?

Muuguzi wa Himbi, Goma

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni muuguzi wa A1, yaani ngazi ya graduat, katika kituo cha afya, wiki moja zamu ya mchana, wiki moja ya usiku, na nina watoto watatu, kwa hiyo kurudi kukaa darasani kila asubuhi haiwezekani. Nimetafuta masomo ya afya ya jamii kwenye intaneti, nikakuta vyuo vingi mno, na kila kimoja kinadai kutambuliwa kimataifa. Kimoja kilinijibu saa tano za usiku, kikaniahidi kunipunguzia nusu ya minervali (ada ya masomo) nikilipa kabla ya Ijumaa. Haraka hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Je, chuo cha kweli hutambulikaje?

Karani wa ajira, Bukavu

Dada, shaka yako ina msingi. Mimi hupokea faili za waombaji kazi, na nakushauri uanze na yule atakayeipokea diploma, yaani mwajiri wako na wizara ya elimu ya juu, ESU, ambako utaomba équivalence, yaani diploma ya nje itambuliwe kuwa sawa na ya hapa. Waulize kabla ya kulipa hata faranga moja.

Kisha utafute chombo kinachoidhinisha vyuo katika nchi ya chuo hicho: Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, Marekani, wizara ya elimu na baraza la CHEA huonyesha ni vyombo gani vya uidhinishaji vinavyotambuliwa. Orodha hizo uzifungue mwenyewe, usipitie kiungo ulichowekewa na chuo, kwa sababu matapeli hubuni pia waidhinishaji wao. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Pakistan ilikuwa nyuma ya mamia ya tovuti za shule zisizokuwepo, zikiwa na waidhinishaji wake wa uongo.

Anwani ya tovuti nayo isikudanganye. Tangu 2001 anwani mpya za .edu hupewa vyuo vilivyoidhinishwa Marekani tu, ingawa waliozipata kabla ya hapo waliachiwa, lakini .ac isiyofuatwa na herufi za nchi ni ya kisiwa cha Ascension, na mtu yeyote huweza kuinunua.

Niliyeungua, Lubumbashi

Mimi nililipa. Chuo hicho sitakitaja. Nilikubaliwa kwa siku mbili bila kuombwa hata nakala ya Diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, kisha nikaambiwa kwamba miaka yangu tisa ya kazi ghalani inahesabiwa kama masomo, hivyo nimebakiza insha mbili tu. Diploma ilifika ikiwa na muhuri wa dhahabu ulionata vidoleni nilipougusa. Mwajiri wangu alimwandikia mwidhinishaji aliyetajwa chini ya karatasi ile, na barua pepe yake ikarudi kwa kuwa anwani haikuwepo. Fedha ilikwenda, lakini aibu ya kuitwa ofisini kueleza ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mwalimu wa zamani, Goma

Mama, wenzangu wamesema kweli, ila kuna jambo hawakuligusa. Uuguzi wenyewe haujifunzwi kwenye skrini pekee, maana stazi, yaani mazoezi ya kazi wodini, ni sehemu ya masomo; ukiona tangazo la A0 (ngazi ya licence ya uuguzi) isiyo na stazi hata siku moja, lifunge. Afya ya jamii ni habari nyingine, husomwa vizuri kwa mbali. Kama graduat yako ya miaka 3 ni ya kabla ya LMD, ule mfumo mpya wa licence, master na doctorat, kiulize chuo kitaihesabu kuwa nini, kama licence (shahada ya kwanza) au kama sehemu yake tu, na jibu ulipate kwa maandishi, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikuta wameongezewa mwaka mzima wa kulipia.

Kuhusu vyuo vyenyewe, UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa mbali tangu 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992. Lakini huko utahitaji Kiingereza kizuri. Kwa Kifaransa, tazama masomo yanayotangazwa na AUF, shirika la vyuo vikuu vinavyotumia Kifaransa. Uliza pia mitihani inafanyikia wapi, kwani kuvuka mpaka kwa ajili ya karatasi moja, huku watoto watatu wakikungoja nyumbani, si jambo dogo.

Muuguzi wa Himbi, Goma

Asanteni sana. Barua ya kwenda ESU nimeianza. Yule wa saa tano za usiku nilimwandikia jana, nikimwomba jina la chombo kilichowaidhinisha na mwaka walioidhinishwa. Alijibu baada ya dakika nne: punguzo sasa ni asilimia 70.