Mume anataka tumpeleke mtoto kwa bibi yake Muheza mpaka aanze shule. Tupo Leicester, naombeni ushauri

Mama Zuberi

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa mnaolea watoto huku Uingereza bila ndugu wa karibu.

Mimi ni muuguzi, nilikuja kwa viza ya kazi za afya na mume wangu akanifuata kama mtegemezi. Zuberi kazaliwa hapa hapa Leicester, Februari anatimiza miaka 3. Baba yake anafanya kazi ghalani Jumatatu hadi Ijumaa, mchana. Mimi zamu zangu nyingi ni za usiku na zinaangukia siku yoyote. Asubuhi tunapokezana mtoto mlangoni, mimi naingia, yeye anatoka.

Hapo ndipo penye kazi. Nikitoka zamu nalala chini kwenye zulia, mgongo nimeuegemeza mlango wa sebule, ili Zuberi asiweze kutoka bila kunikanyaga. Namwekea katuni. Usingizi unanipitia, nashtuka kanikalia tumboni ananifungua macho kwa vidole. Jioni baba yake anarudi, najimwagia maji, naondoka tena.

Nasari ya karibu wanataka pauni 62 kwa siku. Ukitoa kodi ya nyumba, umeme, gesi na kile tunachotuma nyumbani, siku tano kwa wiki hatuziwezi kabisa.

Mume wangu anasema tumpeleke kwa mama yake Muheza. Kuna uwanja, kuna binamu zake, atakula vizuri, atakijua Kiswahili, kisha arudi kuanza shule. Hasemi kwa ubaya, anaona ninavyochakaa. Mama mkwe naye anamtaka sana mjukuu wake. Mimi moyo unakataa ila nikiulizwa sababu sina ya kusema, nabaki kulia tu. Na Novemba hii kwenye saa kumi jioni jua limeshazama, mtoto anashinda ndani, nawaza labda kweli kule angekuwa na raha zaidi.

Waliowahi kupeleka na waliokataa, niambieni ukweli.

Baba Mapacha

Pole sana dada. Kwani yale masaa 30 ya bure hamjaomba? Tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wanapewa masaa 30 kwa wiki kuanzia mtoto akiwa na miezi 9. Sisi hapa Luton yametuokoa.

Mama Zuberi

Kaka asante, niliuliza nasari wakaniambia viza zetu hazituruhusu kutumia fedha za umma, mimi na mume wangu wote wawili.

Nesi wa Coventry

Ni kweli walivyokuambia. Yale masaa 30, na hata ule mpango wa serikali kuongezea pauni 2 kwa kila pauni 8 unazoweka kwa ajili ya malezi, lazima angalau mzazi mmoja awe na haki ya fedha za umma. Baba Mapacha bila shaka nyinyi mmoja wenu ana ukaazi wa kudumu au uraia.

Lakini kuna kitu hawakukuambia, na mimi naona ndicho kikubwa. Mtoto wa miaka 3 na 4 anapata masaa 15 kwa wiki kwa majuma 38 ya mwaka, na hayo hayaangalii viza wala kipato cha mzazi. Yanaanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3. Zuberi ni wa Februari, kwa hiyo kuanzia Aprili anaingia. Nenda ukaandikishe jina sasa hivi, nafasi za Aprili zinawahiwa. Uliza pia wanatoza nini kwa chakula, maana masaa ni ya bure ila sahani wengi wanailipisha.

Na hesabu ya mume wako ipigeni vizuri. "Mpaka aanze shule" kwa mtoto wa Februari 2023 ni Septemba 2027. Hiyo ni karibu miaka 2.

Mtoto wa Bibi

Dada, mimi ndiye huyo mtoto.

Nililelewa na bibi Old Moshi tangu nikiwa na miaka 3, mama akiwa Birmingham. Nikamfuata nina miaka 8. Sikuteswa hata siku moja. Bibi alinipenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipenda, na ugumu wote ulitokea hapo. Watu wakipanga haya mambo wanaiwaza siku ya mtoto kuondoka Uingereza. Ile siku ya kuja kumtoa kwa bibi yake hakuna anayeiwaza. Nilifika Birmingham na khanga ya bibi kwenye begi, nikawa nalala nayo. Mama alifua kila nguo ya nyumba ile isipokuwa ile khanga, aliiacha na harufu yake mpaka ikaisha yenyewe. Alikuwa anaelewa. Leo tupo vizuri sana mimi naye, ila ilituchukua miaka, na bibi alizeeka ghafla nilipoondoka, majirani wote wanasema hivyo.

Simsemi mume wako vibaya. Mwulize tu, Zuberi akifika miaka 4 na nusu amemzoea bibi kama mama, nani kati yenu atapanda ndege kwenda kumbandua?

Mama Wawili

Mimi nilimpeleka wa kwanza Iringa kwa mama yangu, na hali ikiwa kama ile ningempeleka tena. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, ukuta una ukungu, mtoto kifua hakimwachi, mimi nasoma na kufanya kazi, baba yake hayupo. Kule alipona. Alirudi mnene, anaimba mapambio yote ya kwaya ya bibi yake. Kwa hiyo tusimfanye mwenzetu aone kumpeleka mtoto kwa bibi ni dhambi, nusu ya watu humu tumelelewa na bibi zetu.

Ila dada, yule alikuwa mama yangu mzazi. Nilikuwa na ujasiri wa kumpigia simu na kumwambia mama hiyo dawa usimpe, mama huyo binti wa kazi simtaki. Kwa mama mkwe utaweza? Jiulize hilo peke yako, usimjibu mtu humu. Halafu mimi sikuwa na njia nyingine, wewe baba wa mtoto yupo na anajali. Naona njia kwako ipo.

Mdau wa Smethwick

Kabla hamjakata tiketi angalieni makaratasi. Kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia, ni hivyo tangu tarehe 1 Januari 1983. Lazima siku anazaliwa mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu. Zuberi ana viza yake mwenyewe? Wengi hawawaombei watoto waliozaliwa hapa kwa sababu anaweza kukaa tu bila kuombewa. Tatizo linaanza akitoka. Akishavuka uwanja wa ndege hana viza, kurudi ni mpaka aombewe akiwa huko huko kama mtegemezi, na jibu lisipotoka hapandi ndege.

La pili, mtoto aliyezaliwa hapa akaishi hapa miaka yake 10 ya mwanzo ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, kwa sharti kwamba katika kila mwaka wa hiyo 10 asiwe nje zaidi ya siku 90. Mkipata ukaazi wa kudumu kabla ya hapo mnaweza kumwandikisha mapema zaidi, lakini hiyo ya miaka 10 ni akiba yake mwenyewe, haitegemei kazi ya mama wala ndoa ya wazazi. Miaka 2 Muheza inaifuta. Nendeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, msichukue neno langu wala la mtu yeyote wa mtandaoni.

Mama Zuberi

Hana viza. Ana pasipoti ya Tanzania tu. Hili la kurudi hakuna aliyewahi kutuambia. Nimemsomea mume wangu sasa hivi, kakaa kimya.

Bi Mkubwa

Mwanangu Mama Zuberi, pole. Nimeishi Leicester hii muda mrefu na wanangu wote nimewalea hapa, baridi ikiwa baridi kweli.

Utakuja kuambiwa yupo dada fulani anaangalia watoto nyumbani kwake kwa pauni 25. Usimpeleke. Wengi wao ni wanawake wema, wala sina ugomvi nao. Lakini sheria ya England inasema anayelipwa kuangalia mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake, zaidi ya masaa 2 kwa siku, lazima asajiliwe na Ofsted, wale wakaguzi wa serikali wa shule na malezi ya watoto, isipokuwa awe ndugu wa karibu. Asiyesajiliwa hana aliyemkagua ngazi zake wala jiko lake. Likitokea la kutokea, wewe muuguzi ndiye utakayeulizwa ulimwachaje mwanao pale. Walezi waliosajiliwa wapo, wanakaa na watoto wachache tu, na wengine wanakubali siku moja au mbili kwa wiki. Halmashauri ya jiji inayo orodha, waombe.

Na huyo mtoto mtoe nje. Baridi haimwonei mtoto aliyevaa. Mnunulie ile suti ya mvua ya kipande kimoja, hata ya mtumba, na buti, kisha mpeleke Abbey Park akawaone bata, arudi amechoka alale na wewe ulale. Maktaba nyingi zina asubuhi ya nyimbo na hadithi kwa wadogo, hulipi kitu, na utawakuta akina mama wengine wenye macho mekundu kama yako. Vitamini D usisahau, mikrogramu 10 kila siku, hapa mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anashauriwa mwaka mzima, na sisi ngozi zetu jua la huku haliwatoshi watoto wetu.

Siku ya mapumziko panda basi mpaka Belgrave Road. Kwenye maduka ya Wahindi ule unga ulioandikwa ragi ndio ulezi wetu, pika uji kama wa nyumbani. Ndizi mbichi zipo, mihogo ipo. Wazee wa mtaa ule wengi walikuja baada ya Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972, wengine wametoka Kenya na Tanzania, na Kiswahili wanacho. Mwanangu wa mwisho kuamkia kajifunzia pale, kwa mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Mwanza. Biskuti alikuwa haitoi mpaka asikie shikamoo, na mtoto akinong'ona anarudishwa aanze tena. Kwa hiyo habari ya kwamba Kiswahili lazima akifuate Muheza, hapana. Kiswahili ni wewe na baba yake, zungumzeni naye hicho ndani ya nyumba, Kiingereza kitamfuata chenyewe shuleni.

Nesi wa Coventry

Narudi kwenye zamu, maana naona tunazungumza mengi na mwenzetu bado analala mlangoni. Dada, hilo lisimamishe kwanza, hata kabla ya Aprili. Mtoto wa umri huo anafika kwenye jiko na dirisha wewe ukiwa usingizini, na mtu aliyetoka usiku mzima wodini hasikii kitu.

Andika barua ya kuomba mpangilio mwingine wa kazi. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba kuanzia siku yake ya kwanza kazini, mwajiri anatakiwa ajibu ndani ya miezi 2, na hawezi kukataa kabla ya kukaa na wewe mkazungumza. Usiombe kwa mdomo kwenye korido. Omba hivi: usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi na Jumapili mchana baba yupo, wewe unalala chumbani mlango umefungwa. Inabaki Jumatatu peke yake, hiyo mpe mlezi aliyesajiliwa. Siku moja kwa wiki mtaiweza. Ile zamu ya kufidia masaa yanayopungua, inayokuja mara moja kwa mwezi, ongezeni siku moja ya mlezi. Na kama upo bendi ya 5 ya mishahara ya NHS, yaani hospitali za serikali, usiku unalipa asilimia 30 juu na Jumapili asilimia 60, kwa hiyo sehemu ya gharama ya mlezi inajirudisha.

Wikiendi ya pamoja hamtakuwa nayo, na hilo linauma, nimelipitia. Lakini ni mpaka masaa 15 yaanze, kisha mnapanga upya.

Baba Mapacha

Naongeza kwa shemeji yangu anayesoma hapo pembeni: mama yako anaweza kuja kuwatembelea. Viza ya matembezi inampa hadi miezi 6. Haruhusiwi kuja kama mfanyakazi wa kulea, hilo msiliandike wala msilifanye, lakini bibi kuja kumwona mjukuu wake na kukaa naye ndilo jambo lenyewe la kutembelea. Aje mwezi wa sita, siyo Januari.

Mama Zuberi

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimesoma yote na mume wangu, ya Mtoto wa Bibi kairudia mwenyewe. Tumekubaliana hivi: barua ya zamu naipeleka Jumatatu, orodha ya walezi nimeshaiomba halmashauri, na mshauri wa uhamiaji tumepata nafasi wiki ijayo kwa ajili ya viza ya Zuberi. Nasari nimeacha jina la Aprili.

Kimebaki kitu kimoja kigumu. Mama mkwe alishaagiza kitanda cha Zuberi kwa fundi na hela ya mbao ameshalipa. Leo jioni tunampigia. Mume wangu kasema ataongea yeye.

Bi Mkubwa

Aongee yeye, ni mama yake. Na fundi aambiwe aendelee. Viza ya mtoto ikitoka, likizo yenu ya kwanza si mnakwenda Muheza? Atalala wapi?