Tarakimu 71 kwenye kioo cha taa ya nyuma ni mwaka wa kutengenezwa?

Swali

Ninakarabati gari la Kijerumani la mwaka 1973 ambalo mwanzoni liliuzwa Marekani, na vioo vya taa zake za nyuma havifanani. Cha kushoto ni chekundu chote na kimeandikwa SAE AIST 71 DOT. Cha kulia kina sehemu ya rangi ya machungwa, E1 ndani ya duara, alama R, S1 na 2a, pamoja na namba inayoishia na 68. Je, nihitimishe kwamba kimoja kilitengenezwa 1971 na kingine 1968, yaani vyote vimetolewa kwenye magari mengine?

Jibu la kwanza

Hapana. Alama za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, hutaja kazi za taa: A ni kiakisi mwanga, I ni indiketa, S ni taa ya breki na T ni taa ndogo ya nyuma. Kwa kuwa Marekani iliruhusu indiketa nyekundu nyuma, kioo kimoja chekundu kiliweza kubeba kazi zote nne. Tarakimu 71 zinahusu kiwango ambacho taa ilisanifiwa kukidhi, wala si siku kioo kilipomiminwa, hivyo kalibu ileile iliendelea kutoa 71 kwa muda wote ambao usanifu haukubadilika. Kwenye gari la 1973 hilo halinishangazi hata kidogo. DOT, kifupi cha jina la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, nayo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba taa inakidhi kanuni ya shirikisho namba 108, inayohusu taa za magari. Si muhuri wa serikali, ingawa wauzaji wengi hupenda kuiita hivyo.

Jibu la pili

Kioo cha kulia kinafuata utaratibu mwingine kabisa, ule uliotokana na mkataba wa Geneva wa 1958, ambapo nchi hukipa kifaa kibali baada ya kupimwa. E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia na E11 Uingereza, lakini hiyo ni nchi iliyotoa kibali, na kioo chenyewe kinaweza kuwa kimetengenezwa kwingine. Tahadhari na herufi R: hapa ni taa ndogo ya nyuma, ilhali katika SAE ni taa ya rivasi, ambayo Wazungu wa Ulaya huiandika AR. S1 ni taa ya breki yenye kiwango kimoja cha mwangaza, na 2a ni indiketa ya nyuma. Namba ndefu ni ya kibali. Kuishia kwake na 68 ni sadfa tu. Ukiona pia mistari ya mawimbi na herufi K, hicho ni kibali cha kitaifa cha Ujerumani kutoka Kraftfahrt-Bundesamt, mamlaka ya serikali ya magari, ya Flensburg.

Jibu la tatu

Naongeza kwamba tarehe halisi, kama ipo, hutafutwa upande wa ndani: duara dogo lenye sehemu kumi na mbili, mshale unaoonyesha mwezi, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Vioo vingi vya miaka hiyo havina duara hilo, na hapo hubaki kulinganisha namba ya kipuri na orodha ya vipuri ya mtengenezaji wa gari. Hata hivyo, usichukue maandishi ya SAE kuwa ushahidi wa uhalisi, maana wanaonakili vioo hunakili na maandishi yake. Kwa gari lako, kinachotia shaka ni cha kulia peke yake, kwa sababu ni cha soko la Ulaya.