Rekodi ipi ya besiboli ya Marekani ni ngumu zaidi kuvunjwa: 56, 511 au 2,632?

Mzee wa Takwimu:
Wanajamvi, naomba tulinganishe rekodi tatu za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Ya kwanza ni ya Joe DiMaggio wa New York Yankees, ambaye mwaka 1941 alipata walau pigo moja salama (yaani pigo linalomfikisha mpigaji kituoni bila kutolewa) katika kila mechi, kwa mechi 56 mfululizo. Ya pili ni ushindi 511 wa mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira, na huandikiwa ushindi timu yake ikishinda mechi aliyoibeba) Cy Young, aliyecheza tangu 1890 hadi 1911. Ya tatu ni mechi 2,632 ambazo Cal Ripken wa Baltimore Orioles alicheza bila kukosa hata moja, kuanzia Mei 1982 hadi Septemba 1998. Kura yangu nampa DiMaggio, kwani tangu hapo aliyemkaribia zaidi ni Pete Rose, naye mwaka 1978 aliishia 44.

Kipanga:
Mkuu, kwangu 511 haina mjadala. Siku hizi mrushaji anayeanza mechi hupumzishwa siku nne au tano, hivyo katika msimu wa mechi 162 huanza takriban mara 32 tu. Hata akishinda zote, jambo ambalo halijawahi kutokea, atafika 512 mwishoni mwa msimu wa 16! Young alicheza zama ambazo mrushaji alirudi uwanjani baada ya siku mbili tatu na kumaliza kazi aliyoianza. Mechi 749 alizimaliza mwenyewe.

Binti Hesabu:
Ndugu Kipanga, hesabu yako ni sahihi, na ndiyo inayonifanya niiondoe 511. Kama utaratibu wa mchezo umekwisha kuifungia mlango rekodi, hatupimi tena uwezo wa mchezaji, tunapima kalenda. Ya DiMaggio iko wazi kwa mpigaji yeyote msimu ujao. Mchukue mpigaji hodari mwenye uwezekano wa asilimia 80 wa kupata pigo salama katika mechi moja: kufanya hivyo mara 56 mfululizo kunabaki na nafasi kama 4 katika milioni moja. Tena mfululizo ule haukukatika kwa uzembe. Tarehe 17 Julai, kule Cleveland, mlinzi wa kituo cha tatu, Ken Keltner, alizuia mara mbili mipira mikali iliyokuwa ikipita kando ya mstari, akairusha kituo cha kwanza kabla DiMaggio hajafika. Mechi iliyofuata, DiMaggio alianza mfululizo mwingine wa mechi 16.

Mtoro wa Zamu:
Mbona Ripken mnampita kama kituo cha daladala kisicho na abiria? Mechi 162 kwa misimu 16 ni 2,592, bado hazitoshi. Hata hivyo nakiri kwamba Lou Gehrig alifikisha 2,130, na Sachio Kinugasa wa Japani 2,215, kwa hiyo mwili wa binadamu unaweza. Kinachokosekana leo ni kocha atakayekubali kutompumzisha nyota wake.

Kipanga:
Kinugasa mwenyewe alikuwapo Kansas City Juni 1996, Ripken alipompita. Nabaki na 511.

Mzee wa Takwimu:
Nami nabaki na 56 miongoni mwa hizi tatu. Ila kwa kigezo cha Binti Hesabu, nilipaswa kumweka mrushaji Johnny Vander Meer wa Cincinnati Reds, ambaye tarehe 11 na 15 Juni 1938 alimaliza mechi mbili mfululizo bila kuruhusu pigo salama hata moja. Atakayemvua rekodi hiyo atahitaji tatu, na mbele ya hilo hata 56 naiona ina nafuu.