Hajala siku tisa, BMI 15.8: mpira wa kulishia uanze na mililita ngapi kwa saa?

nesi_zamu_usiku:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaoshughulika na lishe ya wagonjwa waliolazwa.

Mgonjwa ni mtu mzima, kilo 42, urefu sentimita 163, hivyo BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 15.8. Miezi sita iliyopita alikuwa na kilo 52. Ana shida ya kumeza, na kwa siku tisa hakuna cha maana kilichopita kooni zaidi ya vijiko vya maji. Mpira wa kulishia umepitishwa puani na eksirei imethibitisha uko tumboni. Chakula tulichonacho ni cha kawaida, kilokalori 1 kwa kila mililita.

Vipimo vya leo kwa mmol/l: potasiamu 3.6, fosfeti 1.10, magnesi 0.76. Zote maabara imezipa alama ya kawaida. Albumini, protini kuu ya damu, iko chini: 22 g/l. Yuko kwenye dripu ya dextrose 5%, lita mbili kwa siku.

Agizo lililoandikwa ni mililita 60 kwa saa kuanzia leo ili apate nguvu upesi, na protini iongezwe sana kwa sababu ya albumini. Najua mtu aliyekaa na njaa akilishwa kwa pupa anaweza kudhurika, ila sioni kibaya kwenye vipimo. Je, niendelee na 60? Na kama siyo, ngapi?

---

lishe_tiba:

Usifungue hiyo 60. Ongea na daktari wa zamu kwanza, na umpelekee hesabu: 60 mara saa 24 ni kilokalori 1,440, ukigawa kwa kilo 42 unapata 34 kwa kila kilo. Huo ni ulaji kamili wa mtu mwenye afya, unaingizwa kwa mwili ambao umefunga jiko kwa siku tisa.

Mgonjwa huyu yuko kwenye hatari kubwa ya sindromu ya kulishwa upya, yaani madini ya damu kuporomoka mtu mwenye njaa anapoanza kulishwa. Kwa mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, kigezo kimoja tu kati ya hivi kinatosha: BMI chini ya 16, kupungua zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita bila kukusudia, kutokula au kula kidogo mno kwa zaidi ya siku 10, au potasiamu, fosfeti au magnesi kuwa chini kabla ya kulishwa. Yeye ana viwili: BMI 15.8, na kilo 10 kati ya 52 ni asilimia 19. Hizo siku tisa hata hatujazihitaji.

Sasa kwa nini vipimo ni vizuri. Akiwa na njaa, insulini yake iko chini na mwili unaishi kwa mafuta na misuli. Madini yaliyomo ndani ya seli yanaisha taratibu, lakini kiasi kilichomo kwenye damu kinabaki sawa kwa muda mrefu, kwa sababu seli zinaendelea kuyatoa na figo zinayabana yasipotee. Ukimpa wanga ghafla, insulini inapanda, na seli zinavuta glukosi pamoja na fosfeti, potasiamu na magnesi kwa mkupuo. Hapo ndipo damu inakaukiwa na madini hayo, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 72. Fosfeti ikikosekana, seli haziwezi kutengeneza ATP, nishati inayoziendesha: misuli ya kupumua inachoka, moyo unalegea. Potasiamu na magnesi zikishuka, mapigo yanavurugika. Kwa hiyo vipimo vya leo vinakuonyesha alipo kabla ya kulishwa, wala havisemi chochote kuhusu kesho kutwa.

Jambo la pili ni tiamini, yaani vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu, na mtu huyu amekuwa akikonda kwa miezi. Sukari haiungui vizuri bila tiamini. Ukimwaga sukari bila kumpa, unaweza kumsababishia madhara ya ubongo: kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza, kuyumba. Mpe tiamini KABLA ya chakula, miligramu 200 hadi 300 kwa siku, na iendelee siku 10 za mwanzo pamoja na vitamini B nyingine na mchanganyiko wa vitamini na madini. Kwa mtu aliyekonda hivi mimi ningeomba dozi za kwanza zipite kwenye mshipa.

Halafu angalia hiyo dripu, maana hapa ndipo watu wengi wanateleza. Lita moja ya dextrose 5% ina gramu 50 za sukari, sawa na kilokalori 170. Lita mbili ni 340. Wakati unajiuliza uanze na ngapi, tayari anapokea kilokalori 8 kwa kilo, zote za sukari tupu, na hujaniambia kama amepata tiamini. Kama dripu imekwenda siku kadhaa, kulishwa upya kulishaanza bila mtu kuhesabu.

Kwa hiyo mpango wangu: tiamini sasa hivi. Dextrose ibadilishwe iwe maji ya dripu yasiyo na sukari, lakini pima sukari ya kidoleni kabla na baada ya kubadilisha, kwa sababu mtu aliyekonda hivi inaweza kumshuka. Chakula kianze na kilokalori 10 kwa kilo: 10 × 42 = 420 kwa siku, sawa na mililita 17 kwa saa. Dextrose ikibaki kwa sababu yoyote, kalori zake zitolewe kwenye hizo 420. Angekuwa na BMI chini ya 14, au angekaa zaidi ya siku 15 bila chakula, ningeanza na 5 kwa kilo akiwa kwenye mashine ya kufuatilia moyo muda wote.

---

dkt_wadi_ya_ndani:

Naunga mkono. Naongezea upande wa madini.

Msisubiri yashuke ndipo mjaze. Figo zikiwa zinafanya kazi na potasiamu haiko juu, mahitaji ya siku ni potasiamu 2 hadi 4 mmol kwa kilo, fosfeti 0.3 hadi 0.6 mmol kwa kilo, na magnesi 0.2 mmol kwa kilo kwa mshipa au 0.4 kwa mdomo au mpira. Kwa kilo 42 ni potasiamu 84 hadi 168, fosfeti takriban 13 hadi 25, magnesi kama 8 kwa mshipa. Hesabuni pia yaliyomo ndani ya chakula chenyewe. Kreatinini (kipimo cha figo) ikiwa juu, namba hizi hazitumiki hivihivi; punguzeni na mpime mara nyingi zaidi.

Kuna mtego kwenye kusoma majibu. Fosfeti yake ni 1.10. Kesho ikija 0.85, maabara bado itaandika kawaida, kwa sababu mpaka wa chini ni kama 0.8. Lakini imeshuka kwa asilimia 23. Kwa vigezo vya 2020 vya ASPEN, chama cha lishe ya tiba cha Marekani, kushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ndani ya siku tano za kuanza kulishwa ni hali nyepesi, 20 hadi 30 ni ya wastani, zaidi ya 30 ni kali. Kwa hiyo andika namba za leo juu ya chati na ulinganishe kila jibu nazo. Ukitazama alama ya maabara peke yake utachelewa siku nzima, na siku moja hapa ni nyingi. Chini ya 0.32 ni dharura: mshipa, na kipimo cha umeme wa moyo.

Kupima: kabla ya kuanza, kisha kila saa 12 kwa siku tatu za kwanza, halafu kila siku mpaka atulie.

Potasiamu ikigoma kupanda licha ya kujazwa, tazama magnesi. Ikiwa chini, figo zinaendelea kuimwaga potasiamu kwenye mkojo, na utajaza bure mpaka urekebishe magnesi. Na tafadhali fosfeti na kalisi zisipite kwenye laini moja, zinagandana na kutengeneza chembe.

---

mlo_na_maabara:

Hesabu ya @lishe_tiba ni sahihi, ila naona hatari ya upande wa pili haijasemwa. Kuanza polepole ni sawa. Kubaki polepole ni kumwacha mgonjwa na njaa ndani ya wodi. Inatokea hivi: siku ya kwanza 17 kwa saa, ya pili 17, ya tatu ni wikiendi, siku ya sita bado 17 kwa sababu hakuna aliyeandika lini ipande.

Andikeni ratiba siku ileile ya kuanza. Lengo lake la mwisho ni kilokalori 30 kwa kilo, yaani 1,260. Theluthi moja ni 420. ASPEN inaruhusu kuanza na 10 hadi 20 kwa kilo na kupanda theluthi ya lengo kila baada ya siku moja au mbili. Kwake inaangukia vizuri: 17 kwa saa, kisha 35, kisha 52. Madini yakikaa sawa, siku ya nne mpaka ya saba awe amefika. Yakishuka, usipande mpaka yajazwe. Yakishuka vibaya, rudi nusu. Kuzima kabisa si lazima isipokuwa hali ni mbaya sana.

Ushahidi wa kurudi nyuma upo. Utafiti wa ICU (wodi za mahututi) 13 za Australia na New Zealand, uliochapishwa 2015, ulichukua wagonjwa ambao fosfeti ilishuka chini ya 0.65 ndani ya saa 72 za kuanza kulishwa. Kipimo chake kikuu hakikuonyesha tofauti, lakini waliopunguziwa kalori kwa muda walikuwa hai wengi zaidi siku ya 60: asilimia 91 dhidi ya 79. Na ushahidi wa kutowaacha na njaa upo pia. Huko Uswisi mwaka 2019, wagonjwa zaidi ya 2,000 wa hospitali nane waliokuwa na hatari ya utapiamlo waligawanywa: nusu wakapangiwa lishe ya mtu mmoja mmoja, nusu wakala chakula cha kawaida cha hospitali. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 7 kwa waliopangiwa lishe, dhidi ya 10 kwa wengine. Chakula hapa ni tiba, kina dozi yake ya kuanzia na dozi kamili, na mgonjwa anadai zote mbili.

Kuhusu albumini, msiikimbize. Nusu ya albumini iliyoko kwenye damu inachukua kama siku 20 kuondoka, na inashuka hasa kwa sababu ya uvimbe wa ndani na maambukizi: ini linapunguza kuitengeneza, mishipa inaivujisha, na dripu nyingi zinaizimua. Pimeni CRP, kipimo cha damu cha uvimbe huo; ikiwa juu, hiyo 22 inaeleza ugonjwa kuliko mlo. Utapiamlo wa huyu mtu umeshathibitishwa na mzani. Protini ilengwe gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, yaani 50 hadi 63 kwa siku, na ifikiwe kadiri chakula kinavyopanda.

---

nesi_zamu_usiku:

Asanteni sana. Nimezungumza na daktari, 60 imefutwa. Tiamini imepita kwenye mshipa, dextrose imetolewa, tumeanza 17. Alikuwa kwenye dextrose siku tatu bila tiamini, kwa hiyo damu inarudiwa usiku huu. Swali la mwisho: mimi niliye kitandani niangalie nini kati ya kipimo na kipimo? Na je, hizi 10 kwa kilo natumia pia wodi ya watoto?

---

muuguzi_mwandamizi:

Mzani kwanza, kila asubuhi, mzani uleule. Akiongezeka kilo moja na nusu ndani ya siku mbili usifurahie: kilokalori 420 haziwezi kujenga nyama kiasi hicho, hayo ni maji. Insulini inazifanya figo zishike chumvi, na moyo wake umesinyaa pamoja na misuli mingine. Bonyeza vifundo vya miguu na mgongo wa chini, sikiliza mapafu, jumlisha maji yote yanayoingia yakiwemo ya dawa na ya kusafishia mpira.

Hesabu pumzi dakika nzima. Mapigo yakipanda bila homa, pumzi zikiongezeka, mikono ikilegea, au mtu aliyekuwa akikujibu vizuri akaanza kujibu ovyo, omba madini yapimwe sasa hivi, usingoje saa 12 zitimie. Sukari ya kidoleni kila saa sita.

Chakula kikisimama kwa ajili ya kipimo au mpira kuziba, usifidie kwa kuongeza mwendo baadaye. Saa nne zilizopotea zimepotea. Rudi kwenye 17. Na waulize ndugu kama wanampa kitu kwa mdomo. Soda au juisi ya "kumtia nguvu" ni sukari ambayo haiko kwenye hesabu yako, na kwa shida yake ya kumeza inaweza kuingia mapafuni.

Kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 muda wote chakula kinapita. Mililita 30 za maji ya kusafishia mpira kila saa nne, na kabla na baada ya dawa. Alama ya mpira puani iangaliwe kila zamu. Ikisogea, vuta majimaji upime pH, 5.5 au chini ndiyo salama, vinginevyo eksirei tena. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakuthibitishi kitu.

Watoto hapana. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa WHO: F-75, maziwa ya tiba ya kuanzia, yenye kilokalori 75 na gramu 0.9 tu za protini kwa mililita 100, kwa kiasi cha mililita 130 kwa kilo kwa siku, au 100 kama amevimba sana, ikigawanywa kila saa mbili au tatu usiku na mchana. Hiyo ni karibu kilokalori 100 kwa kilo. Ukimpa 10 za mtu mzima, sukari yake itashuka kabla ya asubuhi. Dawa ya madini ya chuma isianzwe naye mpaka hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda.