TUPEANE UZOEFU: Uliyemweka mzee wako kwenye makao ya wazee huku Marekani, au unayefanya kazi humo, uliona nini?

Binti wa Shangazi
Habari za leo wapendwa. Naandika moyo mzito. Shangazi yangu ndo aliyenilea tangu darasa la tatu, tuko naye huku Minnesota mwaka wa tisa sasa, mwezi wa pili kateleza bafuni kavunjika nyonga, na kusahau kumezidi, usiku anaamka anatafuta mlango wa kwenda shamba. Mimi na mume wangu wote tuna shifti. Hospitali wanasema hawezi kurudi nyumbani bila mtu wa kukaa naye masaa 24, wametupa orodha ya makao ya wazee tuchague na siku zenyewe hazipo. Ndugu nyumbani wanasema nataka kumtupa. Nimeshatembelea mawili, yote masafi, hakuna harufu, wametukaribisha na chai. Sasa mimi hapo naangalia nini? Najua humu wengi ni CNA (wasaidizi wa manesi) na manesi na wengine mmepitia. Nipeni mlichokiona wenyewe.

Shifti ya Usiku
Pole sana dada. Mimi CNA miaka 11, Massachusetts. Kwanza usiende asubuhi ya siku ya kazi, muda huo mameneja wote wapo na kila mtu anatabasamu. Nenda Jumapili. Wikiendi ndo watu wanapiga simu wanaumwa na hakuna wa kuziba. Kuna usiku nilibaki na wazee 24 peke yangu, mwenzangu hakutokea, nesi ni mmoja na ana dawa za kugawa. Mzee asiyeweza kujigeuza tulifundishwa umgeuze kila masaa mawili, sasa piga hesabu mwenyewe, huyu umbadilishe, yule anataka choo, mwingine anashuka kitandani ukimwacha anaanguka.
Kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, mpole, yeye taa ya kuita hakuwahi kuibonyeza, alikuwa anasema hataki kunisumbua. Nikamfikia saa kumi alfajiri. Kumgeuza nikaona juu ya mfupa wa mkia duara jekundu saizi ya sarafu, nikaligandamiza na kidole, ngozi haikubadilika, wekundu uko palepale. Mliosomea mnajua maana yake, kidonda cha kulalia kimeanza. Nikamwita nesi, akaandika. Wiki tatu baadaye pale palikuwa na shimo linaloingia kidole gumba. Hakuna aliyempiga yule bibi wala kumtukana, tulikuwa wachache tu. Mpaka leo mzee yeyote nikimgeuza macho yanaanzia hapo.

Mtoto wa Kisauni
Naongezea hapo kwa Shifti ya Usiku, hilo la uchache wa watu ndo mzizi wenyewe. 2024 serikali ilipitisha kanuni kila mzee apate angalau masaa 3.48 ya uuguzi kwa siku, 2025 mahakama ya Texas ikaifuta. Kwa hiyo dada usitegemee sheria ikuhesabie watu, hesabu mwenyewe.
Zile nyota ambazo kila makao yanapewa kwenye tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) usiangalie ile ya jumla, fungua ndani uone ya ukaguzi na ya wafanyakazi peke yake. Nyota za ubora sehemu kubwa zinatokana na taarifa makao yenyewe yanayopeleka, ila ukaguzi ni watu wa jimbo wanaingia bila kutangaza. Na ripoti ya ukaguzi lazima iwe mahali unaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Mimi niliisoma nimesimama koridoni, faili limefichwa nyuma ya chungu cha maua, nikakuta mzee wa chakula laini alipewa mkate mkavu akapaliwa. Baba yangu naye alikuwa wa chakula laini. Tukaondoka.

Mama Salha
Yangu ni ya lugha. Mama baada ya stroke Kiingereza kilipotea chote, kikabaki Kiswahili. Siku ya tano napigiwa simu, eti mama ana fujo, anapiga kelele, anapigana na wahudumu, wanaomba nikubali apewe dawa ya kumtuliza. Nikasema hapana, msimpe kitu nakuja. Namkuta analia, analalamika "haja, haja, nimewaambia haja". Mama yangu mtu wa heshima zake, anazuiwa kunyanyuka, analowa, halafu inaandikwa kwenye faili ana fujo!
Nilikata boksi la viatu nikaandika maneno manane kwa kalamu nene, haja, maji, baridi, inauma, moto, na mengine, pembeni maana yake, nikabandika juu ya kitanda. Kijana mmoja CNA Mkongo wa shifti ya jioni akawa anampitia kabla hajaanza kazi zake, anamuuliza "mama, haja?" Fujo ziliisha wiki ileile. Ukisikia neno dawa ya kutuliza uliza kwanza anatulizwa nini, na una haki ya kukataa.

Nesi Dallas
Tusimtishe sana, mazuri yapo. Muulize CNA mwenyewe, sio meneja, uko hapa muda gani na kama kila siku unapewa wazee walewale. Wakiwa wanabadilika kila wiki hakuna atakayejua kwamba leo shangazi hajala kama kawaida. Mkutano wa mpango wa huduma usiukose hata kwa simu. Ukiona baya, kila jimbo lina ombudsman wa wazee (mtetezi anayepokea malalamiko), ni bure, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe.

Baba Imani
Kuhusu kumtupa. Mimi nilikataa kata kata, nikakaa na mzee nyumbani. Alianguka mara nne nikiwa kazini, ya nne alilala sakafuni toka saa nne asubuhi mpaka nilipoingia saa kumi na mbili jioni. Wanaokwambia unamtupa waulize nani anakuja kukaa naye.

Binti wa Shangazi
Nimewasoma wote, nimelia kwa Mama Salha. Jana Jumapili nilienda saa tisa alasiri bila kupiga simu. Yale ya sakafu inayong'aa sana nikakuta taa nne za kuita zinawaka juu ya milango, nikasimama na saa mkononi, ya kwanza kuzimwa ilichukua dakika 26. Ya pili ni jengo la zamani, kapeti imechakaa, taa mbili, zote zilizimwa kabla ya dakika sita, na dada mmoja wa pale amekaa chini anamkata bibi kucha huku anamwita kwa jina lake. Kaniambia yuko hapo mwaka wa saba. Shangazi anahamia Alhamisi. Boksi la viatu nimeshalikata, Mama Salha naomba uniandikie yale maneno manane yote.